Bei ya Umeme: Mnyonge Alipe Deni la Nani?



Kuna msemo ambao wataalamu wa nishati na wakopeshaji wa nje wanaupenda mno, nao ni kwamba bei ya umeme haina budi kuakisi gharama halisi. Ni msemo mtamu masikioni. Nani atabisha kuwa mwenye duka akiuza chini ya bei aliyonunulia atafilisika? Lakini anayetakiwa kulipa gharama ana haki ya kuuliza: gharama ipi hiyo? Imesababishwa na nani? Mkataba wake uko wapi, na shahidi wake ni nani?

Januari 2025 viongozi wa Afrika walikutana Dar es Salaam katika mkutano mkubwa wa nishati, shabaha ikiwa kuwafikishia umeme watu milioni 300 barani humu ifikapo mwaka 2030. Kufikisha umeme kwa watu ni jambo jema, na hakuna mwenye akili atakayelipinga. Hata hivyo fedha za wakopeshaji haziji peke yake. Huja na masharti, na miongoni mwa masharti yao ya miaka yote ni hilo la bei kuakisi gharama. Kwa hiyo ni wajibu wetu kuzungumza mapema, kabla ombi la kupandisha bei halijafika mezani, kuliko kusubiri tangazo kisha tukabaki kulalama vibarazani.

Msimamo wetu tunausema wazi. Gharama ambayo mkazi wa Mbagala, Manzese, Tandale na Buguruni amekuwa akilipishwa kwa sehemu kubwa ya miaka hii si gharama ya umeme aliotumia. Amelipishwa mikataba asiyoiona, ya mitambo ya kukodi, iliyosainiwa na watu ambao hakuwatuma. Ombi lolote la kupandisha bei kwa wananchi wa namna hiyo ni dhulma, na dhulma hupingwa.

Tuanze na jambo moja ambalo husahaulika kila TANESCO inapolalamikia hasara. Mwananchi wa kawaida anatumia LUKU. Maana yake, analipa kabla hajawasha taa. Akiwa na shilingi elfu mbili ananunua uniti za elfu mbili. Zikiisha, mita inakata bila kumwonea haya, hata kama ni usiku wa Ramadhani na daku haijapikwa, hata kama ndani kuna mgonjwa. Mtu huyu hajawahi kudaiwa na TANESCO hata senti moja, kwa sababu mfumo haumruhusu kudaiwa. Basi hilo deni la mabilioni linalotajwa kila mwaka ni la nani?

Machi 2017 Rais Magufuli, akiwa Mtwara, aliiagiza TANESCO iwakatie umeme wadaiwa wake sugu bila kumwogopa mtu. Waliotajwa wakati ule kuwa na malimbikizo ni taasisi za serikali zenyewe, pamoja na Shirika la Umeme la Zanzibar lililodaiwa zaidi ya shilingi bilioni 100. Muuza maandazi wa Tandale hakuwamo katika orodha ile. Mama anayegandisha barafu za kuwauzia watoto wa shule hakuwamo. Wao walikwisha kulipa, taslimu, mbele. Leo ukisema shirika lina pengo la fedha kwa hiyo bei ipande, unamwendea yule aliyelipa mbele na kumwambia amlipie yule ambaye hakulipa kabisa.

HISTORIA HAIDANGANYI

Wako watakaosema kuwa mambo hayo ni ya kale, tusonge mbele. Tunawaambia hapana, maana bei tunayolipa imejengwa juu ya mambo hayo hayo ya kale.

Mwaka 1995 TANESCO iliingia mkataba wa miaka 20 na kampuni ya IPTL, iliyomilikiwa kwa ubia kati ya Mechmar ya Malaysia na VIP ya hapa nchini, ili ijenge mtambo wa megawati 100 Tegeta unaotumia mafuta mazito. Mkataba ulibishaniwa katika usuluhishi wa kimataifa hata kabla mtambo haujawashwa, na uzalishaji ukaanza mwaka 2002. Ndani ya mikataba ya aina hii kuna kipengele ambacho wananchi wengi hawakijui. Mnunuzi hulipa kila mwezi kwa sababu tu mtambo upo, uzalishe au usizalishe. Ni sawa na mtu aliyekodi gari, gari likaegeshwa chini ya mwembe, dereva akalala, na kila jioni akaamka kudai nauli ya kutwa nzima.

Ukaja ukame wa mwaka 2006. Mabwawa yakakauka, nchi ikaingia gizani, na katika haraka ile ikasainiwa Richmond, nayo megawati 100, mitambo ya dharura. Richmond ikashindwa kazi, mkataba ukahamishiwa Dowans. Bunge likaunda kamati teule chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, na ripoti yake iliposomwa Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu pamoja na mawaziri wawili waliowahi kushika wizara ya nishati, Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha.

Sasa, ndugu msomaji, angalia kalenda. Ripoti ilisomwa Februari 2008. Mwezi mmoja tu kabla yake, Januari 2008, bei ya umeme ilikuwa imepanda kwa asilimia 21.7. Vigogo walijiuzulu, lakini asilimia 21.7 haikujiuzulu. Ilibaki kwenye mita.

Januari 2011 bei ikapanda tena kwa asilimia 18.5. Mwaka huo huo ukame ukarudi, mgawo ukarudi, na mitambo ya kukodi ya dharura ikarudi, safari hii ya Aggreko na Symbion. TANESCO ikaomba bei ipande kwa asilimia 155. Naam, mia na hamsini na tano. EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, ikakubali asilimia 40.29 kuanzia Januari 2012, na watu wakaambiwa washukuru kwa kuwa wamepunguziwa. Huo ni ujanja wa dalali wa soko la mitumba: taja bei ya kutisha ili bei ya kuumiza ionekane ihsani.

Kisha likaja la Escrow. Kwa kuwa kulikuwa na mgogoro juu ya kiasi ambacho IPTL ilistahili kulipwa, mwaka 2006 ilifunguliwa akaunti maalumu Benki Kuu ili fedha zenye ubishi zihifadhiwe humo hadi haki ijulikane. Mwishoni mwa mwaka 2013 fedha hizo, zaidi ya shilingi bilioni 300, zilitolewa na kukabidhiwa kampuni ya PAP iliyodai kuwa imeinunua IPTL. Januari 2014 bei ya umeme ikapanda kwa asilimia 39.19. Kamati ya Hesabu za Serikali, chini ya Zitto Kabwe, ilipeleka ripoti yake bungeni Novemba 2014, wakati mlalahoi alikuwa amekwisha kununua LUKU ya bei mpya kwa karibu mwaka mzima. Mwanasheria Mkuu akajiuzulu, waziri wa ardhi akaondolewa, waziri wa nishati akajiuzulu Januari 2015. Mara hii pia bei haikujiuzulu.

Mtu achukue kalamu afanye hesabu. Nyongeza hizo nne za 2008, 2011, 2012 na 2014, zikifuatana moja juu ya nyingine, zinafanya umeme uliogharimu shilingi 100 mwaka 2007 ugharimu, kwa wastani, kama shilingi 281 mwaka 2014. Bei ilikaribia mara tatu katika miaka saba. Je, ni mshahara wa nani ulioongezeka hivyo? Ni mkokoteni gani, genge gani, cherehani gani iliyoongeza kipato chake mara tatu katika muda huo?

Wala mikataba hiyo haikuishia hapo. Mwaka 2016 baraza la usuluhishi wa uwekezaji la Benki ya Dunia liliamuru TANESCO iilipe Standard Chartered ya Hong Kong dola milioni 148.4 kutokana na deni la IPTL, baada ya fedha za Escrow kwenda kwa wengine. Na mwaka 2021 serikali ikamalizana na Symbion kwa zaidi ya dola milioni 150. Hizi zote huitwa gharama. Katika vitabu vya hesabu hukaa mstari mmoja na nguzo, nyaya na transfoma, kana kwamba ni kitu kimoja. Anayesema bei iakisi gharama atuambie kwanza kama na hizi zimo.

AHADI ZA UMEME WA BEI NAFUU

Kila mradi mkubwa umekuja na bishara njema. Gesi ya Songo Songo ilipoanza kuzalisha umeme mwaka 2004 tuliambiwa sasa tumeachana na mafuta ya bei ghali. Bomba la gesi la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilipozinduliwa Oktoba 2015, kwa mkopo wa China wa zaidi ya dola bilioni 1.2, tuliambiwa maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi, na watu wa Mtwara wanajua walichokipata mwaka 2013 walipohoji. Nafuu ya bei iliyofuata ilikuwa ndogo mno: punguzo la asilimia chache, na kuondolewa kwa tozo ya huduma ya kila mwezi ya shilingi 5,520 Aprili 2016. Hilo la tozo lilikuwa jambo jema na tunalisema bila choyo.

Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji ndilo kubwa kuliko yote. Megawati 2,115, mitambo tisa, kandarasi ya shilingi trilioni 6.5 zilizotokana na kodi za wananchi hawa hawa. Mtambo wa kwanza uliingizwa kwenye gridi Februari 2024, na mwaka uliofuata yote tisa ikakamilika. Machi 2024 baadhi ya vituo vya maji vilizimwa kwa maelezo kuwa umeme umezidi mahitaji. Tafakari hilo. Wakati wa ukame bei ilipanda kwa sababu maji hayapo na tunachoma mafuta. Sasa maji yapo, mafuta hatuchomi kama zamani, umeme unazidi hadi mitambo inazimwa. Kwa mantiki ile ile iliyopandisha bei, ilipasa ishuke. Ikiwa bei huakisi gharama pale gharama inapopanda tu, basi hicho si kioo, ni kiini macho.

Wengine hutuelekeza kwa jirani na kusema Kenya wanalipa zaidi. Ni kweli, na tuangalie kilichotokea huko. Aprili 2023 kundi la watumiaji wadogo wanaopata nafuu, ambalo awali lilifika uniti 100 kwa mwezi, lilipunguzwa hadi uniti 30. Familia iliyokuwa maskini ya uniti 60 siku ya Ijumaa ikaamka si maskini tena kwa mujibu wa karatasi. Jambo hilo ni onyo kwetu, wala hakuna sababu ya kuliiga.

UNITI MOJA, MIZANI MBILI

Hapa tunaomba msomaji atulie, kwa sababu dhulma iliyopo ndani ya bei haionekani haraka.

Katika bei zilizowekwa Aprili 2016 kuna kundi la wateja wadogo, D1, wanaotumia hadi uniti 75 kwa mwezi, ambao hutozwa shilingi 100 kwa uniti. Ukiongeza VAT ya asilimia 18 iliyokuwapo zilipowekwa, asilimia 3 ya Wakala wa Nishati Vijijini na asilimia 1 ya EWURA, inakuwa shilingi 122. Wengine wote wa matumizi ya kawaida wako kundi la T1, shilingi 292 kwa uniti, ambayo kwa nyongeza hizo hizo inafika shilingi 356. Ndiyo maana mtu wa D1 hupata uniti 75 kwa shilingi 9,150, na mtu wa T1 akitoa shilingi 10,000 hupata uniti 28. Na huyo wa D1 akivuka 75, kila uniti ya ziada ni shilingi 350 kabla ya kodi, na akizoea kuvuka huhamishiwa T1.

Nia ya kundi la D1 ni nzuri: kumhurumia mnyonge. Lakini nani hasa anaingia humo? Chukua nyumba ya vyumba sita Manzese, mita moja, familia sita. Kila familia ina taa mbili, redio au televisheni ndogo, feni, na chaji ya simu, tuseme uniti 20 kwa mwezi. Jumla uniti 120. Mita haijui kuwa hawa ni watu wa familia sita. Inaona mteja mmoja mkubwa. Nyumba inapelekwa T1, na kila familia inalipa zaidi ya shilingi 7,100 kwa umeme ambao, kama ingekuwa na mita yake, ungeigharimu shilingi 2,440. Wakati huo huo kijana mwenye kazi nzuri, anayeishi peke yake katika nyumba yenye mita yake, akitumia uniti 70 analipa shilingi 122 kwa kila uniti. Maskini anahesabiwa tajiri kwa kosa la kuishi na maskini wenzake watano.

Atasema msemaji: kila mpangaji si aombe mita yake? Januari 2022 gharama ya kuunganishiwa umeme mjini, kwa mteja wa kawaida asiyehitaji nguzo, ilirudishwa shilingi 320,960, wakati vijijini ilibaki 27,000. Mpangaji wa chumba kimoja atoe laki tatu na ushee kwa ajili ya nyumba isiyo yake, ambayo mwenyewe anaweza kumwambia ahame mwezi ujao? Hata akizipata, mwenye nyumba atamruhusu?

Kana kwamba hayo hayatoshi, tangu Agosti 2021 kodi ya jengo imewekwa ndani ya LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka 2023 ikapandishwa hadi 1,500 na 7,500. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Ila anayebonyeza namba za LUKU uswahilini ni mpangaji, na mpangaji akaambiwa akaelewane na mwenye nyumba wake. Wanaoandika maagizo ya namna hii hatudhani kama wamewahi kupanga chumba Mbagala.

Allah (s.w.) amewateremshia sura nzima wale wanaopunja vipimo, wanaotaka kutimiziwa wanapopokea na kupunguza wanapowapimia watu. Ni Suratul Mutaffifin. Wafasiri wameieleza kwa mizani ya nafaka na kibaba cha tende, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwapo sokoni Madina. Uniti nayo ni kipimo. Ukiwauzia wanyonge wawili kipimo kile kile, mmoja kwa 122 na mwingine kwa 356, na tofauti yao ni kuta tu walizopangishwa, una swali la kujibu.

Wala haya ya nishati si mageni katika dini yetu. Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) aliwataja Waislamu kuwa ni washirika katika maji, malisho na moto. Wanazuoni wamejadili kwa upana ni moto upi na ushirika upi, na hatutaki kuufupisha mjadala wao katika ukurasa mmoja. Ila maana yake kwa jumla iko wazi: yapo mahitaji ambayo jamii haiwezi kuishi bila hayo, na hayo hayaachwi yakawa shamba la wachache. Tena aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni: liandikwe, mwandishi awe muadilifu, wawepo mashahidi. Allah amelipa deni la mtu na jirani yake aya ndefu namna hiyo, nasi taifa zima likafungwa miaka 20 kwa mkataba ambao mwananchi hakuoneshwa hata jalada lake!

Tunasema na lile la upande wetu, maana uadilifu hauna upande mmoja. Wapo miongoni mwetu wanaochezea mita, wanaovuta waya kutoka kwa jirani, wanaowapa mafundi vishoka fedha ili LUKU isihesabu. Huo ni wizi, hauna jina jingine. Kudhulumiwa na shirika hakumhalalishii mtu kuiba, na mwenzio anayelipa ndiye anayebebeshwa pengo hilo kwenye hoja za kupandisha bei. Kama kuna msikiti ambao pampu yake ya maji ya udhu inaendeshwa kwa umeme wa namna hiyo, kamati ya msikiti iliangalie jambo hilo kabla ya Ijumaa ijayo.

Na TANESCO inahitaji fedha, hatukatai. Nguzo zinaoza, transfoma zinaungua, mafundi wanapanda juu usiku wa mvua ili nasi tupate taa. Hatusemi umeme uwe bure. Tunasema fedha zitafutwe zilipo: kwa wadaiwa wa serikali ambao hawajawekewa LUKU, na kwa waliofaidika na mikataba ile. Harbinder Sethi wa PAP, baada ya kukaa rumande tangu Juni 2017, aliachiwa Juni 2021 kwa makubaliano na upande wa mashitaka yaliyomtaka alipe shilingi bilioni 26.9. Linganisha na bilioni zaidi ya 300 zilizotoka. Hilo pengo nani analipa?

Ziko athari ambazo hazionekani kwenye karatasi za bei. Umeme ukipanda, mwenye mashine ya kusaga hapunguzi faida yake. Anaongeza senti kwenye kilo, na unga wa sembe unapanda kwa yule ambaye hata umeme hana. Kinyozi, fundi wa kuchomelea, mwenye jokofu la samaki Ferry, wote wanaongeza. Na kuna jambo la mkaa. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania waache kuni na mkaa. Tunauunga mkono, moshi unawaua mama zetu na misitu inakwisha. Lakini mama wa nyumba ile ya vyumba sita atapikia jiko la umeme kwa uniti ya shilingi 356? Atawasha jiko mara mbili, mpangaji mwenzake atamfungia swichi. Atarudi kwenye kopo la mkaa la shilingi elfu moja, na hakuna semina itakayomshawishi vinginevyo.

NINI KIFANYIKE

Kukata tamaa hakuna nafasi, kwa maana kuna ushahidi kuwa bei inaweza kuzuiwa. Mwishoni mwa mwaka 2016 TANESCO iliomba nyongeza ya asilimia 18.19, EWURA ikapitisha asilimia 8.53 ianze Januari Mosi 2017. Haikuanza. Waziri aliisimamisha, na siku hiyo ya mwaka mpya Rais akatengua uteuzi wa mkurugenzi mtendaji wa shirika. Nchi haikuingia gizani kwa sababu hiyo. Ila kinga iliyotegemea hasira ya mtu mmoja hubadilika akibadilika mtu. Tunataka kinga ya utaratibu.

Utaratibu upo kisheria. Kabla ya kupandisha bei EWURA huitisha mkutano wa taftishi, ambapo mwananchi yeyote anaweza kusimama na kutoa hoja, au kuipeleka kwa maandishi. Mikutano hiyo mara nyingi hujaa wenye viwanda na wanasheria wao. Wenye viwanda wana haki ya kujitetea, na hujitetea vizuri. Mpangaji wa Manzese hayupo, kwa sababu yuko kibaruani, au hakupata habari.

Hapo ndipo jamaa za misikiti zinapoweza kufanya kazi. Kila msikiti una watu wa nyumba za kupanga. Makatibu wa kamati waanze sasa, baada ya Swala ya Ijumaa, kuorodhesha nyumba zenye mita moja: vyumba vingapi, familia ngapi, uniti ngapi kwa mwezi, na kundi gani la bei, D1 au T1. Risiti za LUKU zihifadhiwe, hata zile za ujumbe wa simu. Wahasibu na walimu wa hesabu waliomo katika jamaa wasaidie kujumlisha. Majina ya watu yasiwekwe hadharani, idadi inatosha. Na wasibaguliwe majirani wasio Waislamu, kwa kuwa mita ile haiulizi dini ya mtu.

Siku ya taftishi ikitangazwa, apelekwe mtu mwenye karatasi hizo mkononi, na aombe mambo haya: kikomo cha uniti 75 kihesabiwe kwa kila familia badala ya kila mita, gharama ya kuunganisha mita ya mpangaji mjini ilingane na ya kijijini, kodi ya jengo itolewe kwenye LUKU na idaiwe kwa mwenye jengo, na TANESCO, kabla ya kuomba hata asilimia moja, iweke mezani orodha ya taasisi za serikali zinazodaiwa na mikataba yote ya kununua umeme iliyo hai, ukurasa kwa ukurasa.

Wakikataa kuonesha mikataba, mjumbe wetu aombe kukataa kwao kuandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na apewe nakala yenye muhuri.